Sigara ya Kwanza Unavuta Saa Ngapi?

Nilipoanza kazi kitengo cha mionzi ya kutibu saratani, kila mgonjwa aliyekuja ananuka sigara nilimwambia maneno yale yale: "Baba, ukiendelea kuvuta tutakutoa kwenye mashine." Niliyasema kwa sauti, benchi zima likisikia. Hayakuwa ya kweli. Sijawahi kuona mtu akitolewa kwenye orodha ya mionzi kwa ajili ya sigara, na mimi muuguzi sikuwa na mamlaka ya kumtoa hata mmoja. Ila niliamini woga utamsaidia, na kwamba nesi mkali ndiye nesi anayejali.

Aliyenibadilisha alikuwa dereva wa lori mwenye saratani ya ulimi. Nilimgombeza siku ya pili ya matibabu yake. Kuanzia siku ya tatu akawa anakuja na pipi za mint mdomoni, mbili au tatu kwa mpigo, shavu limevimba. Nikimuuliza, ananijibu kwa adabu, "Nilishaacha, sista." Nikafurahi. Nikaandika kwenye faili lake: ameacha. Vidonda vya mdomo vikamjaa mapema kuliko tulivyotarajia, matibabu yakasimama kwa siku kadhaa, yakaanza tena, na wiki ya tano hakuonekana. Miezi mingi baadaye mkewe alikuja kufuatilia karatasi, amejifunga kitambaa cheusi. Nilimpa pole, nikamkalisha. Katika mazungumzo akasema, "Alikuwa anavuta chooni, sista. Usiku. Alikuwa anasema, wakijua watanifukuza."

Lile neno "ameacha" bado liko kwenye lile faili, kwa mwandiko wangu. Nimelisoma mara kadhaa tangu siku hiyo.

Kwa hiyo ninayoandika hapa ni mambo niliyojifunza baada ya kukosea. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi sasa hapa Dar es Salaam, na wavutaji niliokaa nao ni wengi: wa koo, wa kinywa, wa mapafu, wa umio, na hata wa saratani ambazo watu hawazihusishi kabisa na sigara. Sina digrii ya ushauri nasaha. Nina kiti cha plastiki ninachokisogeza karibu na mgonjwa, na nina maswali.

Swali la kwanza siku hizi ni hili: sigara ya kwanza unavuta saa ngapi? Simuulizi kwa nini anavuta. Ukimuuliza mgonjwa wa saratani kwa nini anavuta, umeshamshitaki, na atajitetea au atanyamaza. Lakini ukimuuliza saa, anafikiria, anakujibu kama anavyokujibu kuhusu usingizi au choo. Na jibu lake lina uzito wa kitabibu. Karl Fagerström, mwanasaikolojia wa Sweden, aliliweka swali la namna hiyo kwenye kipimo chake cha utegemezi wa nikotini. Anayewasha ndani ya dakika 30 baada ya kuamka ameshikwa vizuri, na anayewasha ndani ya dakika tano ameshikwa zaidi. Huyo usimwambie "jikaze" ukaondoka. Nikotini huondoka mwilini haraka, kila saa mbili hivi inapungua nusu, kwa hiyo mtu aliyelala usiku kucha anaamka akiwa mtupu, mwili unadai. Vijana wa mjini wanaiita arosto. Wameliazima neno hilo kwa watumiaji wa dawa za kulevya, na hawajakosea.

Mgonjwa ninayetaka kumweleza kwa kirefu alinijibu, "Kabla sijafungua mlango."

Nitamwita Mzee wa Urambo, maana ndivyo wodi nzima ilivyomwita. Alikuwa na miaka 67, saratani ya koromeo la sauti, na sauti imebaki ya kukwaruza kama mtu anayeburuta gunia sakafuni. Baba yake alifika Urambo enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza mwaka 1947 na kushindikana miaka michache tu baadaye. Karanga zikaondoka, tumbaku ikashika mahali pake, na familia ikabaki. Yeye alilima tumbaku ya mvuke tangu akiwa kijana: kitalu, kupandikiza, kuchuma, kukausha kwenye bani, yaani banda la kukaushia, usiku kucha huku kuni za miombo zikiteketea, kuchambua madaraja, kufunga marobota. Alisomesha watoto watano kwa hiyo tumbaku. Nilipomgusia sigara siku ya kwanza alinitazama kwa utulivu kabisa akasema, "Mwanangu, jani hili limenilisha. Leo unaniambia ni adui?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Shikamoo baba, nimekuja tu kukujua." Alicheka kwa ile sauti yake, akakohoa, akaniambia marahaba.

Kesho yake akanipa hoja ambayo kila anayefanya kazi hii ameisikia: "Kansa nimeshapata. Naacha sasa ili iweje?" Hoja hii si ya ujinga. Mabango yote aliyowahi kuyaona yanasema sigara inaleta saratani, na hakuna bango linalomwambia aliyekwisha kuipata afanye nini. Kwa akili ya kawaida, mlango umeshafungwa. Hata sisi wahudumu tuna sehemu ya lawama hapa. Nimesikia wenzangu wakisema, "Mwacheni mzee wa watu avute, kimebaki nini?" Wanadhani ni huruma.

Nilimuuliza kama kwao kuna mtu aliyewahi kufa kwa jiko la mkaa. Akasema yupo, jirani, wakati wa baridi ya Juni, yeye na mtoto, walilala na jiko ndani, asubuhi wakakutwa. Nikamwambia ile hewa iliyowaua inaitwa kaboni monoksaidi, na moshi wa sigara unayo hiyo hiyo, kidogo kidogo. Inaing'ang'ania damu kuliko oksijeni inavyoweza, kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili, na inakaa kwenye nafasi ambayo oksijeni ilipaswa kupanda. Sasa mionzi tunayokupiga, baba, inahitaji oksijeni ndani ya uvimbe ili iuue sawasawa. Uvimbe uliokosa oksijeni unakuwa sugu. Ukivuta pale nje halafu ukaja kulala kwenye mashine, umekuja na jiko lako kifuani.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali la mkulima: "Hiyo hewa inatoka baada ya muda gani?" Nikamwambia siku moja au mbili tu, damu inakuwa imeshajisafisha. Akasema, "Siku mbili tu?" Niliona macho yake yakibadilika. Alikuwa ameambiwa kwamba madhara ni ya miaka 40, akadhani kuyapunguza nako kunataka miaka 40.

Tarakimu ninazo pia, maana daktari wetu mmoja alitusomea kwenye kikao cha asubuhi na nikazinakili. Watafiti wa Kanada walichapisha mwaka 1993 matokeo ya wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliopigwa mionzi. Kwa walioendelea kuvuta wakati wa matibabu, uvimbe uliisha kabisa kwa asilimia 45 yao. Kwa wasiovuta wakati huo, asilimia 74. Mashine ile ile, ugonjwa ule ule. Na mwaka 2014, miaka 50 baada ya ile ripoti maarufu ya 1964 kuhusu sigara na afya, ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ilisema wazi kwamba mgonjwa wa saratani anayeendelea kuvuta yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa, iwe kwa saratani hiyo hiyo, kwa saratani nyingine mpya, au kwa sababu nyingine. Wa upasuaji nao wana hesabu zao: kidonda cha mvutaji kinachelewa kufunga, na kifua chake kinasumbua baada ya usingizi wa dawa, na akiacha wiki nne kabla ya kisu hali inakuwa tofauti. Lakini tarakimu hizi Mzee wa Urambo sikumpa. Jiko lilitosha.

Akasema atajaribu. Siku hiyo hiyo jioni alivuta.

Hapa niwaeleze kuhusu sarafu. Waliokaa Dar wanawajua wale vijana wanaouza sigara moja moja, karanga na pipi kwenye kisanduku, wanapita wakizichezesha sarafu kiganjani, chwa-chwa-chwa. Hawaiti wateja, sarafu zinawaitia. Nje ya geti letu yupo mmoja, na sauti ile inaingia hadi kwenye benchi la kusubiria mashine. Sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nimeizoea kama kelele za kunguru. Mzee wa Urambo ndiye aliyenionyesha: tulikuwa tumekaa, sarafu zikalia, nikaona vidole vyake vya mkono wa kulia, cha kwanza na cha kati, vimekaribiana vyenyewe, vimeshika kitu ambacho hakipo. Mwenyewe alikuwa ananisimulia habari za mvua.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba mwili unavuta kabla mtu hajaamua.

Tukahitaji dawa. Dawa za kuacha sigara zipo, na si za kubahatisha. Kibandiko cha nikotini, jojo za nikotini, na vidonge. Shirika la Afya Duniani limeviweka vibandiko na jojo kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya vareniklini na bupropioni. Ukitumia dawa hizi za nikotini, uwezekano wa kufanikiwa unapanda kwa zaidi ya nusu ya ule wa kujikaza peke yako. Lakini kwenye dirisha letu la dawa jibu lilikuwa moja: hakuna. Mgonjwa anaandikiwa dawa ya kemo ya gharama kubwa, na kitu cha kumsaidia aache kinachoidhoofisha tiba hiyo hakipo kwenye orodha ya manunuzi. Jambo hili liliniuma na linaniuma mpaka leo. Nimelisema vikaoni mpaka wenzangu wakiniona nanyoosha mkono wanajua nitasema nini.

Bintiye anayefanya kazi za ndani Muscat ndiye aliyetuma vibandiko, kwa mtu aliyekuwa anarudi likizo. Daktari akakubali aanze na vya miligramu 21, kwa kuwa alikuwa anavuta pakiti nzima kwa siku. Jojo tuliziacha, kwa sababu mionzi ya koo inaleta vidonda, na mdomo wenye vidonda hautaki kutafunishwa nikotini. Nilimfungulia kibandiko cha kwanza, nikaanza kumweleza taratibu: kinakaa kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, mbali na shingo inayopigwa mionzi, kila siku mahali papya, nikotini inapita kwenye ngozi polepole kuingia kwenye da...

Akanikatiza. "Hilo nalijua."

Nikauliza amelijulia wapi.

"Sista, asubuhi ya umande ukiingia shambani kuchuma, majani yamelowa, yanakuchuruzikia mikononi na kifuani. Ikifika saa nne wageni wanatapika. Kichwa kinazunguka, wanalala chini ya mwembe. Zamani tulidhani malaria. Hata mke wangu wakati mwingine. Mimi nilikuwa sitapiki." Akafikiri kidogo. "Kumbe mimi nilikuwa nimeshazoea kwa kuvuta."

Ni kweli kabisa. Ni ugonjwa unaojulikana kwa wakulima wa tumbaku, na nikotini inayopenya kwenye ngozi iliyolowa ndiyo inayousababisha. Mimi nilikuwa nimeusoma kwenye ukurasa mmoja, yeye alikuwa ameuishi kwa miongo minne. Akakibandika kibandiko mwenyewe kwenye mkono wa juu, akakishikilia kwa kiganja, akahesabu taratibu. Halafu akasema kitu kilichonifanya nigeuke dirishani: "Basi hili ni jani lenyewe, ila wameliondolea moto."

Kuanzia hapo hakuhitaji mimi kuwaeleza wenzake. Yeye ndiye aliyekuwa anawaeleza kwenye benchi. Wengi wanaogopa kibandiko, wanadhani nikotini ndiyo iliyowapa saratani na sasa tunawaongezea. Mzee wa Urambo akiwaambia kwamba saratani inaletwa na moshi, kwamba nikotini ndiyo kamba inayomrudisha mtu kwenye moshi, wanamwamini kuliko mimi. Alikuwa na haki ya kuaminiwa.

Hata hivyo wiki ya pili, ikiwa kibandiko kiko mkononi na arosto imetulia, bado alikuwa anavuta sigara moja. Moja tu, kila siku, saa tatu asubuhi. Alinieleza bila kuficha. Nikafungua daftari langu, nikaona saa tatu na nusu ndiyo zamu yake ya mashine.

Kwa wasiojua: anayepigwa mionzi ya koo anatengenezewa kinyago cha plastiki. Kinalainishwa kwenye maji ya moto, kinabanwa usoni hadi mabegani mpaka kigande kwa umbo lake, na kila siku anapolala kwenye kitanda cha mashine kinafungwa mezani kwa vibanio ili asitikisike hata kidogo. Kina matundu, anapumua. Lakini mtu mwenye koo lililobana, anayeogopa kukohoa, ukimfungia uso kwenye meza halafu mkatoka wote mkafunga mlango mzito, dakika zile ni ndefu mno. Hapo mara 35, siku tano kwa wiki, wiki saba.

Sigara yake ile moja ilikuwa ya kinyago.

Nisingemuuliza saa, nisingejua. Ningemwandikia kibandiko kikubwa zaidi, au ningerudi kwenye ukali wangu. Tulizungumza na fundi wa mionzi, kijana muungwana sana, akakubali mzee aingie dakika kumi mapema, akishike kinyago chake mkononi, akijaribishe akiwa amekaa, na wapatane kwamba akiinua mkono mashine inasimama mara moja. Mimi nikamfundisha kupumua kwa kuhesabu, kuvuta hewa hadi nne, kuitoa hadi sita. Siku ya tatu ya utaratibu huo hakuvuta. Na hakuinua mkono hata mara moja katika vipindi vyote vilivyobaki. Kujua kwamba anaweza kulimtosha.

Nimeona hivyo kwa wengi. Sigara ya mgonjwa ina kazi inayoifanya. Kwa mmoja inamletea choo asubuhi, na dawa ya maumivu, yaani mofini, imemfungia tumbo, kwa hiyo akiacha sigara tumbo linagoma kabisa. Mpe dawa ya kulainisha choo mapema. Kwa mwingine ndiyo ruhusa yake pekee ya kutoka nje ya chumba kilichojaa ndugu wanaolia. Kwa kijana mmoja wa bodaboda ilikuwa njia ya kukaa na wenzake bila kuulizwa anaumwa nini.

Wagonjwa wa pwani wana kitu ambacho nimejifunza kukitumia, nacho ni Ramadhani. Mvuvi mmoja wa Kilwa aliniapia kwamba hawezi kukaa saa mbili bila sigara. Nikamuuliza, mwezi wa Ramadhani je? Akatabasamu. Anafunga tangu alfajiri mpaka magharibi, saa 13 na zaidi, kila mwaka tangu utoto. Akakiri kwamba adhana ikilia, kabla ya tende inatangulia sigara. Lakini alijua kitu kuhusu arosto ambacho mimi nisiyevuta sikujua kwa mwili wangu: kwamba inakuja kama wimbi, inapanda, inakaa dakika tatu au tano, inashuka, hata usipoipa kitu. "Adhuhuri ndiyo mbaya," aliniambia, "ikipita hiyo unasahau." Tukapanga mambo yake kwa hesabu hiyo. Dakika tano za kunywa maji kwa mafunda madogo. Dakika tano za kutembea, si kuelekea getini kwenye sarafu, bali upande wa kufulia, ambako hakuna anayeuza kitu.

Wanawake tunawasahau, na hili nalisema kwa uchungu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowaleta wanawake wengi zaidi kwetu, na moshi wa sigara ni mmoja wa washiriki wake, pamoja na kirusi cha HPV. Wakipigwa mionzi ya nyonga huku wanavuta, madhara ya matumbo yanakuwa makali zaidi. Lakini nani anamuuliza mama wa miaka 55 mwenye kanga mbili na tasbihi kama anavuta? Tunaona aibu kwa niaba yake. Mmoja niliyemuuliza kwa sauti ya chini, pazia likiwa limefungwa, alilia kwanza. Hakuna aliyejua, hata mumewe. Alikuwa anavuta jikoni moshi wa kuni ukimfichia harufu, tangu alipofiwa na mtoto. Siku hizi namuuliza kila mtu, msichana na bibi, na namuuliza vile vile kuhusu ugoro na kuberi, maana wapo watakaokuambia hawavuti kitu na midomo yao imejaa tumbaku.

Na ndugu waulizwe. Mzee wa Urambo alifikia kwa mpwa wake Gongo la Mboto, chumba kimoja, mpwa anavuta. Nilimpigia simu nikamwomba aje. Sikumwambia aache. Nilimwomba kwa wiki saba avutie nje, na pakiti isilale ndani. Alikubali, akatimiza.

Wiki ya nne mzee alipata taarifa ya msiba wa mdogo wake. Hakuweza kusafiri, kwa kuwa kukatiza mionzi ni hatari. Kesho yake alikuja kabla ya zamu, hakukaa, akasimama mbele yangu amevua kofia. "Sista, jana nimeanguka. Tatu." Nikampa pole ya msiba kwanza. Kisha nikamuuliza kibandiko kiko wapi, maana wengi wakivuta wanakivua wakidhani wameshaharibu kila kitu. Kilikuwepo mkononi. Nikamwambia kiache hapo hapo. Tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani: siku alizokuwa hajavuta kabisa zilikuwa 13. Nikamwambia, siku 13 hazifutwi na jana, mwili wako ulishazipata na umeshazitumia.

Nilimfikiria yule dereva wa lori. Tofauti ya hawa wawili haikuwa kwenye nguvu ya moyo. Mmoja alikuwa na mahali pa kusema "nimeanguka", mwingine alikuwa na choo na pipi za mint, na mimi ndiye niliyemfungia huko.

Kuna wakati naacha kabisa kulizungumza. Mgonjwa aliyebakiwa na wiki chache, anayekunywa mofini ili apate usingizi, akiniomba nimsukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka chini ya mwarobaini avute, namsukuma. Naangalia tu kwamba hana mtungi wa oksijeni karibu, maana hapo moto ni hatari ya kweli. Daktari mmoja aliwahi kuniuliza kama sioni najipinga mwenyewe. Sioni. Namuuliza huyu naye anataka nini, kama nilivyowauliza wengine. Na mmoja alinijibu kwamba anataka kuacha, ili mjukuu akimkumbatia asisikie harufu. Alikufa siku 11 baadaye, hajavuta. Lilikuwa jambo lake.

Mzee wa Urambo alimaliza vipindi 35. Kinyago chake aliomba aende nacho, akakifunga kwenye kanga ya mkewe. Hofu yangu ilikuwa nyumbani. Anarudi kwenye bani, kwenye harufu ya jani linalokauka, marobota yamepangwa mpaka chumbani. Aliniambia, "Harufu ya tumbaku kwangu ni harufu ya ada ya shule. Hiyo haitanivutisha. Kitakachonivutisha ni kukaa bila kazi." Wiki mbili za mwanzo nilimpigia kila jioni, kisha kila Ijumaa. Mara nyingine mtandao ulikataa, mara nyingine alikuwa mkali, mara moja alikiri nusu sigara, kwenye harusi. Alishuka kwenye vibandiko vya miligramu 14, halafu vya saba.

Mwaka uliofuata, wakati wa mavuno, nilipigiwa simu na kondakta wa basi la Tabora nikachukue mzigo. Ulikuwa dumu la asali la lita tano, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na bahasha ya kaki. Nilimpigia kushukuru. Sauti yake bado inakwaruza, lakini ilikuwa imepata mwili. Aliniambia mke na wajukuu sasa wanachuma jua likishapanda, umande ukishakauka, na amewashonea mikono mirefu ya nailoni. Tumbaku bado wanalima. Sikumuuliza lolote juu ya hilo.

Kwenye bahasha kulikuwa na vibandiko saba vya miligramu saba, ambavyo hakuvimaliza, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nje ameandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: KWA MWINGINE.

Nilikagua tarehe. Vilikuwa bado na miezi mitano. Nikavipeleka kwa daktari, akavitazama, akaniambia nivitunze mahali pakavu. Nikaviweka kwenye droo ya juu, pembeni ya daftari. Jumatatu yake alikuwa anaanza mionzi mama mmoja kutoka Songea, na kwenye fomu yake, mbele ya swali langu, palikuwa pameandikwa: saa kumi na mbili na nusu, baada ya kuamsha watoto.